Kuseti ekwalaiza ya Spotify besi isimfunike mwimbaji

Wengi wakifungua ekwalaiza (ile sehemu ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyingine za muziki) wanapandisha kila kitu, matokeo yake muziki unakwaruza tu. Mi naanza kwa kushusha. Kwenye Spotify ya iPhone ingia setingi, tafuta ekwalaiza, utaona vidoti 6 kuanzia 60Hz (besi ya chini kabisa) mpaka 15kHz (sauti kali za juu), sasa kama besi inavuma sana shusha 150Hz kidogo kidogo huku unacheza wimbo unaoujua vizuri, ikibidi na 400Hz, utasikia mwimbaji anatoka wazi kabisa. Ile ekwalaiza ya parametriki kama ya Poweramp, app ya kuchezea muziki ya Android, we mwenyewe unachagua frikwensi (sehemu ya sauti unayotaka kugusa), kiasi cha kupandisha au kushusha, na Q, yani upana wa sehemu inayoguswa, Q ikiwa kubwa inagusa sehemu nyembamba tu, kwa hiyo ule mvumo mmoja unaokera unautoa na besi nyingine inabaki salama, yani raha!