Semista mpya Mlimani: maksi zianze kuokotwa wiki ya kwanza

Mwaka wa kwanza nilipata 39 kwenye kozi ya takwimu. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, C ndiyo gredi ya kufaulu na inaanzia 40. Maksi moja tu ikanipa sup, yaani mtihani wa marudio, na Septemba, wenzangu wakiwa bado wanakula likizo makwao, mimi nilipanda basi kutoka Njombe peke yangu na kaunta buku moja kwenye begi. Kozi weki yangu, yaani maksi za test na kazi za ndani ya semista, ilikuwa 19 kati ya 40, na UE, mtihani wa mwisho wa semista, nilipata 20 kati ya 60. Nilipofuatilia nikakuta kuna kazi ya kikundi ya maksi 5 ambayo jina langu halikuwepo kwenye jalada. Kazi ile niliifanya, hata majedwali nilichora mimi. Aliyeichapa alinisahau, na mimi sikuomba kuiona kabla haijakusanywa. Muda wa kurekebisha kozi weki ulikuwa umeshapita.

Sup nilifaulu, lakini ukifaulu sup unapewa C, hata ungejibu vizuri namna gani. Hiyo C bado ipo kwenye GPA yangu, yaani wastani wa gredi zangu zote. Ndiyo maana nawaandikia nyie wadogo zangu mnaofunga mabegi wiki hii: semista haiharibiki kwenye chumba cha UE. Inaharibika wiki tatu za mwanzo, wakati watu wanasema "bado hatujaanza".

Tuanze na nyumbani, kabla hujapanda basi. Mimi nabeba mchele, maharage, unga wa dona na dagaa waliokaangwa wakakauka, kwa sababu naishi geto Changanyikeni na mwenzangu mmoja na tunapika wenyewe. Beba vyeti vyako, kitambulisho cha chuo, kadi ya bima, na picha ndogo chache. Halafu mpigie simu mtu aliyekutangulia mwaka mmoja kwenye programu yako, umwombe madesa, yaani notsi zake, na mitihani iliyopita ya kozi mnazoingia. Omba sasa akiwa bado ametulia. Ukimwomba wiki ya 12 atakuambia ameyaacha nyumbani, na huenda ni kweli.

Fika Jumapili kabla ya wiki ya kwanza. Najua mtaambiwa wiki ya kwanza hakuna vipindi. Vipo. Mhadhiri anaingia, anagawa mpangilio wa kozi, anataja tarehe za test, anagawa vikundi vya seminari, anaondoka. Dakika 30, lakini mambo yote ya semista yamesemwa mle. Asiyekuwepo anapangwa kwenye kikundi cha waliobaki, na waliobaki mara nyingi ni wale wasioonekana darasani.

Wiki hiyohiyo jisajili kozi zako kwenye ARIS, mfumo wa chuo wa mtandaoni, usimwachie mtu nywila yako akusajilie. Kozi za kuchagua zinahitaji uangalifu: chukua ratiba, chora siku tano, weka kwanza kozi za lazima, ndipo uone hiyo ya kuchagua inaingia wapi. Rafiki yangu alichagua kozi mbili zinazogongana Jumatano saa 4 asubuhi, akazunguka nazo wiki tatu akisoma nusu huku nusu kule. Ukishajisajili, rudi kesho yake uhakikishe kozi zote zinaonekana, kisha chapa ule ukurasa uutunze.

Sasa nije kwenye kitu kilichobadilisha maisha yangu ya chuo: karatasi ya manila ukutani. Nunua moja steshenari yoyote. Chora safu 15 za wiki kwenda chini, na juu andika kozi zako zote. Kila tarehe inayotajwa darasani, test, kwizi, kazi ya mtu mmoja, kazi ya kikundi, seminari utakayowasilisha, iandike kwenye kisanduku chake kwa kalamu nyekundu pamoja na maksi zake. Ukimaliza, simama mbali kidogo uangalie. Utaona wiki ya 6 na ya 7 zimejaa wekundu mtupu, na wiki ya 3 na ya 4 ni nyeupe. Hapo ndipo utakapoelewa kwamba kusoma kwa ajili ya wiki ya 6 kunafanyika wiki ya 3. Mimi mwaka wa kwanza wiki zile nyeupe nilizilala.

Ukurasa wa mwisho wa kila kaunta buku weka jedwali dogo: kazi, maksi zake, nilizopata. Test ya kwanza 15, nimepata 11. Kwizi 5, nimepata 4. Jumlisha kila karatasi inaporudi, ujue umesimama wapi. Ukiingia UE na kozi weki ya 31, A ya 70 inahitaji 39 kati ya 60, na mtu aliyesoma kawaida anazifikia. Ukiingia na 19, A hiyohiyo inahitaji 51 kati ya 60. Usiku mmoja wa kukesha hauleti tofauti ya maksi 12, ila zile kwizi za maksi 5 mnazozidharau zinaileta.

Angalieni na uzito wa kozi. GPA inapigwa kwa kuzidisha pointi za gredi (A ni 5, B+ ni 4) na krediti za kozi, yaani uzito wake, kisha kugawa kwa jumla ya krediti. B+ kwenye kozi ya krediti 12 inakupa 48, A kwenye kozi ya krediti 8 inakupa 40. Kwa hiyo usitumie usiku wako wote kwenye kozi nyepesi unayoipenda huku ile nzito unaikimbia. Mimi niliikimbia takwimu.

Kwenye kazi za kikundi nina sheria moja na siilegezi: siondoki mpaka nimeona jalada, nimesoma jina langu na namba yangu ya usajili, nimelipiga picha kwa simu. Mwenzako akinuna, mwache anune.

Kikundi cha kusomea ni kitu kingine, hicho unachagua mwenyewe. Watu wanne wanatosha. Sisi tunakaa kimbweta kilekile, yale makalio na meza za zege za kusomea nje, kila Jumanne na Ijumaa kuanzia saa 11 jioni, na giza likiingia tunahamia maktaba mpya, ile iliyofunguliwa 2018. Kila mtu anapewa mada moja wiki nzima kabla, na siku ya zamu yake anaifundisha bila kuangalia desa. Akikwama, hapo alipokwama ndipo tunaposoma sote. Mwanzoni nilikuwa nakwama kila mara kwenye mgawanyo wa kawaida wa takwimu (normal distribution), ule unaochorwa kama mkunjo wa kengele. Dada mmoja wa kikundi chetu alinichorea ule mkunjo kwenye zege la kimbweta kwa chaki, akaniambia niwaze urefu wa wasichana wa bweni letu la sekondari: wengi wako katikati, warefu sana wachache, wafupi sana wachache. Nikaelewa jioni moja kitu nilichokikariri semista nzima.

Hela. Wenye mkopo, posho ya chakula na malazi inahesabiwa Sh 10,000 kwa siku, kwa hiyo siku 60 ni Sh 600,000, na zikiingia zote kwa mpigo unajiona tajiri. Boom, yaani hiyo posho, likiingia mimi nafanya hesabu kabla sijatoka getoni. Kodi, nusu yangu ya miezi miwili: 100,000. Mchele, maharage na mafuta vya kuongezea: 90,000. Gesi: 30,000. Kopi na bando: 40,000. Inabaki 340,000. Hiyo siigawi kwa wiki 8, naigawa kwa 10, napata 34,000 kwa wiki, ili wiki mbili zibaki za ugonjwa na msiba. Kila Jumatatu natoa 34,000, hazizidi. Nyingine zinakaa akaunti ambayo sina kadi yake. Kama huna mkopo na unatumiwa na wazazi, waombe watume kidogokidogo kila wiki, na uwaambie ukweli pesa ikiisha. Mama yangu aliniambia afadhali nimsumbue kwa simu kuliko nilale njaa nikimwogopa, na naamini mzazi wako naye angesema hivyo.

Wiki ya 9 au ya 10 ni ngumu kwa kila mtu. Hela imepungua, test zimerudi na maksi mbaya, mvua ya masika inanyesha na njia ya Changanyikeni ni tope. Usijifungie chumbani. Nenda kwa mhadhiri saa zake za ofisi ukiwa na ile karatasi ya test mkononi. Gonga, msalimie "Shikamoo Dokta", jitambulishe jina na programu, halafu uliza swali moja mahususi: "Swali la tatu nilifika hapa nikapotea, naomba unionyeshe." Usiende kuomba maksi. Nimeenda mara nyingi, na aliyenikaripia alikuwa mmoja tu, naye mwishoni alinieleza swali lote.

Kozi weki zikibandikwa kabla ya UE, nenda siku hiyohiyo na kaunta buku lako, linganisha na jedwali lako namba kwa namba. Kukiwa na pengo, mwone CR, mwakilishi wa darasa, kwanza kisha mhadhiri, na ile picha ya jalada iwe kwenye simu. Hapa ndipo mimi nilipopotezea maksi zangu 5, kwa sababu siku ile nilipita mbele ya ubao nikaona umati nikasema nitarudi kesho.

UE yenyewe nina machache. Hakiki ukumbi usiku wa kuamkia pepa, maana ratiba hubadilika. Kula. Lala mapema, kabla ya usiku kuwa mkubwa. Kitambulisho mfukoni, simu iache.

Manila yangu ya semista hii nimeshaibandika juu ya kitanda. Mpaka sasa ina alama nyekundu moja tu: takwimu za uchumi, kwizi, maksi 5, Alhamisi ya wiki ya 3, kumbi za Yombo. Leo jioni naanza kuisomea.