Ukuta wa Zidaka kwa Sebule ya Leo

Waashi wa Lamu wa karne ya 18 walibanwa na urefu wa boriti za mikoko. Boriti haifiki mbali, basi chumba kilikuwa na upana usiozidi mita 3 hivi, kikawa kirefu na chembamba. Ukisimama kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani ya nyumba, ukatazama ndani, jicho linapita msana (ukumbi mrefu) wa kwanza, linapita wa pili, linatua kwenye zidaka, yaani matundu ya ukutani ya kuwekea vyombo, zilizopangwa sahani za Kichina. Kila kidaka kina kivuli chake, na chumba chembamba kinaonekana kimeenda mbali. Uzuri wote umo kwenye kivuli hicho, na ndicho cha kulinda tangu tofali la kwanza. Ukifika Lamu, ingia kwenye makumbusho ya Nyumba ya Waswahili ukatazame kwa utulivu kabla ya kumwita fundi.

Chagua ukuta unaopata mwanga kwa ubavu. Ukuta unaotazamana na dirisha kubwa humulikwa wote, vivuli vikapotea.

Usichimbe ukuta uliopo. Nyumba za mawe za Lamu zina kuta za karibu nusu mita. Tofali la inchi 6 ukilichimba sentimita 12 hakibaki kitu cha kushika. Jenga ukuta wa pili wa inchi 6 mbele ya ule wa zamani, ukiacha matundu. Mgongo wa kidaka utakuwa ukuta wa zamani. Hesabu inayokaa vizuri ni zidaka 5 kwa safu, kila kimoja sentimita 30 kwa 40, na nguzo za sentimita 15 katikati na pembeni: jumla mita 2.4. Safu 3 zinatosha, ya chini ianze sentimita 60 kutoka sakafuni. Juu ya kila safu mwaga zege la mkanda mmoja mfululizo, unene sentimita 7, na nondo 2 za milimita 8. Linta (boriti za zege juu ya tundu) fupi fupi hukosa pa kulalia kwenye nguzo nyembamba, na hapo ndipo nyufa huanzia.

Ukuta huo ni mzito, kama kilo 300 kwa kila mita ya mraba isiyo na tundu. Kwa ghorofani, muulize mhandisi kwanza.

Kwenye lipu usiharakishe. Loweka chokaa usiku kucha au zaidi, kisha changanya ndoo 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga uliochekechwa, usio na chumvi. Fundi avae glavu na miwani, kwani chokaa huunguza macho. Kwangua rangi yote ya zamani, lowesha ukuta, piga lipu ya sentimita 1, ngoja wiki, ndipo upige ya pili. Chokaa hukomaa taratibu kwa kuvuta hewa ya ukaa huku ikiwa na unyevu, kwa hiyo nyunyizia maji mara 3 kwa siku kwa siku 5, na usiwashe feni. Lipu ikikauka kwa siku moja hupasuka nyufa ndogo kama za tope la bwawa, na dawa yake ni kuibandua tu.

Tabaka la mwisho ni milimita 3, chokaa na mchanga laini kwa kiasi sawa. Kingo zilainishwe kwa mwiko wa mbao, zisiwe kali: kwenye ukingo wa mviringo kidogo mwanga hufifia polepole, na huo ndio ulaini unaoonekana Lamu. Malizia kwa chokaa nyepesi kama maziwa, mikono (tabaka) 4 au 5. Ukiipaka nzito, itabanduka kama maganda. Rangi ya mafuta usiiguse kabisa. Huziba unyevu ukutani na kung'aa kwake huua kivuli.

Katika zidaka 15, jaza 8 au 9. Usiweke balbu ndani ya kila kimoja. Taa moja ya kusimama pembeni, yenye mwanga wa manjano, inatosha usiku.