Jinsi ya kufuatilia historia ya manowari ya Uingereza ya kufagia mabomu, 1919 hadi 1939

Ukitaka historia ya manowari kubwa huna shida, vitabu vimejaa. Shida iko kwenye meli ndogo. Ukitafuta mtandaoni meli ya kufagia mabomu ya baharini, mara nyingi utapewa mstari mmoja tu: ilizinduliwa 1918, ikawekwa akiba, ikauzwa 1946. Miaka ishirini ya katikati imeachwa tupu, na kumbe ndiyo yenye mambo. Mwongozo huu ni wa kuijaza miaka hiyo. Mfano wangu ni HMS Saltburn (HMS ni alama ya meli ya kifalme ya Uingereza), iliyozinduliwa tarehe 9 Oktoba 1918, lakini hatua ni zilezile kwa dada zake, yaani meli za daraja moja nayo.

Hatua ya 1: Hakikisha unafuata meli sahihi

Wanamaji wa Uingereza hurithisha majina. HMS Cattistock zimekuwa tatu: ya 1917 ilikuwa ya kufagia mabomu, ya 1940 ya kusindikiza misafara, ya 1981 ya kuwinda mabomu. Na zote tatu huitwa za daraja la Hunt! Kwa miaka ya kati ya vita unataka zile zilizojengwa kwa ajili ya Vita Kuu ya Kwanza. Hizo zina makundi mawili: la Belvoir, lenye majina ya vikundi vya kuwinda mbweha, na la Aberdare, lenye majina ya miji. Saltburn ni ya kundi la pili. Kuanzia 1933 zinaingia za daraja la Halcyon, ambazo ni habari nyingine.

Mtego wa pili ni meli kubadilishwa jina. Meli kadhaa za Aberdare zilipewa kwanza majina ya vijiji vya pwani, kisha yakaondolewa, maana amri ya redio ikitaja jina hilo haijulikani kama ni meli au bandari. Nyingine zikabadilishwa tena zilipogeuzwa kuwa meli za upimaji wa bahari. HMS Fitzroy ilikuwa Pinner, na kabla ya hapo Portreath. HMS Crozier ilipewa Afrika Kusini mwaka 1922 ikawa HMSAS Protea, na ukiitafuta kwa jina la Crozier baada ya hapo utadhani imezama. Andika majina yote kwenye karatasi kabla ya kufungua katalogi yoyote.

Hatua ya 2: Anza na 1919, usianze na amani

Wengi huruka mwaka huu kwa kuwa vita vilikwisha Novemba 1918. Mabomu hayakusikia habari hiyo. Bahari ya Kaskazini ilikuwa imejaa mabomu yaliyofungwa kwa nyaya kwenye vizito, na Februari 1919 Uingereza iliunda kikosi maalumu cha wanaojitolea kuyaondoa. HMS Penarth ililipuliwa tarehe 4 Februari 1919, HMS Erin's Isle siku tatu baadaye, HMS Cupar mwezi Mei, na HMS Kinross mwezi Juni huko bahari ya Aegean. Zote isipokuwa Erin's Isle ni dada za Saltburn.

Inafaa kujua kazi yenyewe ilivyofanyika, maana bila hilo nyaraka hazisomeki. Kwa mtindo wa zamani meli mbili zilikwenda sambamba zikiburuta waya katikati yao. Waya ukikata kamba ya bomu, bomu linaibuka, nalo linapigwa risasi za bunduki hadi lizame au lilipuke. Baadaye ukaenea mtindo wa Oropesa, uliopewa jina la meli ya uvuvi iliyotumika kuujaribu, ambapo meli moja huburuta waya wake peke yake. Kwa hiyo ukiwa kwenye mwaka 1919, tafuta pia nyaraka za meli mwenza. Mara nyingi ofisa wa meli ya pili ameandika kwa kirefu jambo ambalo ofisa wa meli yako amelipitia kwa maneno matatu.

Hatua ya 3: Pata mifupa kwenye Navy List

Hiki ni kitabu rasmi cha orodha ya meli na maofisa wake. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka matoleo mengi mtandaoni bure, kwa hiyo aliye Mombasa au Muscat anaweza kuanza leo bila kupanda ndege. Usisome toleo moja. Chukua matoleo kadhaa ya kila mwaka, uandike nani alikuwa kamanda na meli ilikuwa wapi. Maofisa wakiwa wengi, meli inafanya kazi. Wakibaki mmoja wawili, au meli ikitajwa chini ya meli nyingine, huenda iko akiba.

Hatua ya 4: Soma batli

Batli ni kitabu cha meli cha kuandikia mambo ya kila siku, na hapa ndipo penye nyama. Batli za Wanamaji ziko kwenye Hifadhi ya Taifa huko Kew, London, katika mfululizo wa ADM 53 (ADM ni alama ya mafaili ya Admiralty, wizara ya Wanamaji). Andika kwenye katalogi yao ya mtandaoni "ADM 53" pamoja na jina la meli, utaona orodha ya vitabu kwa tarehe. Kwenda kusoma ni bure: jiandikishe upate kadi ya msomaji, nenda na kitambulisho na uthibitisho wa anwani, agiza vitabu mapema, na upige picha kwa simu yako bila mwanga wa flashi. Piga kurasa zote, hata zinazoonekana hazina kitu. Utazisomea nyumbani.

Ukurasa mmoja ni siku moja. Kuna safu za saa, umbali, mwelekeo, upepo kwa namba kuanzia 0 hadi 12, hewa kwa herufi, kipimahewa, halijoto, na idadi ya wagonjwa. Herufi za hewa zizoee mapema: b ni anga ya buluu, c mawingu mawingu, o mawingu yaliyotanda, r mvua, f ukungu mzito. Kando kuna maelezo ya mkono: nanga imetupwa, mabaharia wamepaka rangi, waya wa kufagia umetolewa, umerudishwa.

Ushauri wangu: fuata makaa ya mawe. Meli hizi za tani 800 hivi zilichoma makaa, na uwezo wao ulikuwa kama tani 185. Kupakia makaa ni kazi chafu ya meli nzima, kwa hiyo huandikwa. Meli inayopakia mara kwa mara inasafiri. Isiyopakia kwa miezi imefungwa gatini, hata kama jina lake liko kwenye kikosi fulani. Mimi huchora mstari wa makaa kwanza, ndipo nasoma maneno.

Hatua ya 5: Tafuta watu

Rekodi za mabaharia wa kawaida ziko ADM 188, za maofisa ADM 196. Angalia hili: baharia wa meli ndogo mara nyingi aliandikwa kwenye hesabu ya kambi ya nchi kavu, kama Victory ya Portsmouth au Pembroke ya Chatham, na jina la meli yake halisi likatiwa kwenye mabano madogo. Anayesoma haraka hudhani babu yake alikaa kwenye Victory yenyewe, meli ya kale ya Admirali Nelson.

Hatua ya 6: Uliza batli imenyamazia nini

Meli ya kufagia mabomu katika miaka hii ilifanya kila kazi isipokuwa kufagia. HMS Petersfield ilikuwa ikimsafirisha Admirali Howard Kelly, mkuu wa kituo cha Wanamaji wa Uingereza huko China, ilipopanda mwamba kwenye kisiwa cha Tung Yung tarehe 11 Novemba 1931. Kwa ajali kama hiyo fungua magazeti: yale ya Singapore yamewekwa mtandaoni bure na yalifuatilia sana meli za kituo hicho.

Saltburn yetu iliwekwa chini ya shule ya mawasiliano ya Wanamaji huko Portsmouth. Oktoba 1936 ilifungwa seti ya majaribio, 79X, ya megahezi 75. Hiyo ni rada. Antena zilifungwa kati ya milingoti na hazikuweza kuzunguka, kwa hiyo ili kuangalia upande mwingine ilibidi kuigeuza meli nzima. Matokeo hayakumridhisha mtu, wakahamia masafa ya chini zaidi, na mwaka 1938 HMS Sheffield ikapata seti iliyofanya kazi.

Usitegemee batli ikueleze siri ya namna hiyo. Ukiona meli ndogo imekaa Portsmouth miezi mingi ikitoka na kurudi siku hiyohiyo, acha ADM 53, nenda kwenye ripoti za mawasiliano katika ADM 220 na barua za wizara katika ADM 1 na ADM 116. Tafuta kwa jina la shule na la kifaa pia, maana mafaili hayo hayakupangwa kwa majina ya meli.

Hatua ya 7: Panga

Tengeneza jedwali la safu nne: tarehe, mahali, tukio, na namba ya faili ulikolitoa. Mwezi ambao huna kitu uache wazi, usiujaze kwa "ilikuwa akiba" kwa sababu tovuti moja imesema hivyo.