Kusoma uchaguzi kwa gorogoro

Nina kinu cha kusaga unga hapa Free Area, Nakuru, na daftari ambalo nimekuwa nikiliandika tangu 2012. Kila Jumatatu naweka bei ya gorogoro (kopo la kupimia nafaka) ya mahindi, bei ya pakiti ya unga ya kilo mbili dukani, na idadi ya gorogoro zilizosagwa wiki iliyopita. Lilikuwa daftari la hesabu za kinu tu. Siasa iliingia yenyewe, maana foleni ya kinu haina siri, na kila uchaguzi ukikaribia watu husema neno lilelile: safari hii tumbo ndilo litapiga kura. Matokeo yakitangazwa, tumbo halionekani popote. Mimi limenichukua chaguzi mbili kujua pa kulitafuta.

Anza na jedwali, hata la kalamu. Mstari mmoja kwa kila uchaguzi. Andika mfumuko wa bei wa mwezi uliotangulia kura, waliojiandikisha, kura halali, na kura za wagombea wakuu. Mfumuko hutolewa na KNBS, shirika la takwimu la taifa, kila mwisho wa mwezi, bure. Kura ziko IEBC, tume ya uchaguzi. Mwaka 2022 waliweka mtandaoni fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000, na kila kituo hakizidi wapiga kura 700. Kwa hivyo unaweza kusoma kura za shule ya msingi ya kwenu, darasa kwa darasa.

Mfumuko usikuchanganye. Julai 2022 ulikuwa asilimia 8.3, na hiyo si bei, ni mwendo wa bei ukilinganisha na mwaka uliopita. Mei 2017 ulifika 11.7, kufikia Julai ukawa karibu 7.5, na kuna waliosema maisha yamekuwa rahisi. Bei bado zilikuwa juu kuliko mwaka uliotangulia. Ndiyo maana naweka pia bei ya dukani. Chaguzi zote mbili serikali iliingilia unga kabla ya kura: shilingi 90 kwa pakiti mwaka 2017, shilingi 100 Julai 2022 baada ya kupita mia mbili. Ila andika na siku ulizoikuta rafuni. Daftari langu la wiki zile lina "100" redioni, na kando yake nimeandika "hakuna" mara nne mfululizo.

Kisha uliza: mpiga kura huyu anauza au ananunua? Hapa ndipo wachambuzi wengi wa runinga huniudhi. Mahindi yakipanda, mteja wangu wa Free Area aliyesagisha gorogoro mbili huja na moja na nusu. Mkulima wa Kitale anatabasamu, mradi mbolea isimle faida. Mwaka 2022 mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulikuwa umepita shilingi 6,000, na ukienda Molo au Kuresoi hapo ndipo palipokuwa na kilio. Ndani ya kaunti moja ya Nakuru yenye maeneo bunge 11 una mnunuzi wa unga mjini, mkulima wa viazi, na kibarua wa maua Naivasha. Bei moja haiwezi kuwaeleza wote, kwa hivyo chagua bei inayomgusa yule unayemchunguza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulinganisha Kisumu na Nyeri. Nilipata tofauti kubwa sana na nikadhani nimegundua uchumi. Nilichogundua ni majina yaliyokuwa kwenye karatasi ya kura. Hatufichani: ukanda na kabila huamua sehemu kubwa ya kura ya urais Kenya, na ukizipanga kaunti kando kwa kando utazipima hizo. Linganisha kituo na chenyewe, miaka mitano iliyopita na sasa.

Sasa chukua safu ya waliojiandikisha. Agosti 2017 daftari la wapiga kura lilikuwa na watu milioni 19.6, na kura halali zilizidi milioni 15. Mwaka 2022 daftari likafika milioni 22.1, lakini kura halali zikawa milioni 14.2. Watu milioni mbili na nusu wameongezeka kwenye orodha, kura zimepungua karibu milioni moja! Mshindi wa 2017, Uhuru Kenyatta, alitangaziwa kura milioni 8.2, wa 2022, William Ruto, milioni 7.18. Raila Odinga, mpinzani wao mkuu mara zote mbili, alitoka milioni 6.76 hadi 6.94. Tofauti ya Ruto na Raila ilikuwa kura 233,211, na waliojiandikisha wakakaa nyumbani walikuwa zaidi ya milioni saba.

Tumbo lilikuwa hapo. Mtu wetu akiumia ni nadra ahamie kambi ya pili, hukaa nyumbani. Kijana wa bodaboda anayeniletea mahindi aliniambia wiki moja kabla ya kura, "Mathe, nikisimama foleni masaa matatu nani atanilipa fea ya asubuhi?" Nikamwambia ni sikukuu. Akacheka. "Sikukuu ya wenye mshahara." Na yeye angalau alikuwa amejiandikisha. IEBC ilisema vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa karibu asilimia 40 ya daftari la 2022, wachache kwa asilimia 5 kuliko 2017, ingawa vijana wenyewe wameongezeka nchini. Huyo asiyejiandikisha hata haonekani kwenye asilimia ya waliojitokeza. Pia toa marehemu akilini: wakaguzi wa daftari hilo walikuta wafu zaidi ya laki mbili.

Je, njaa ndiyo iliyowaweka wote nyumbani? Hapana, kwingine hawakuwa na mtu wao wa kumchagua. Kwa hivyo tumia kura ya pili: ugavana. Nakuru imechagua Kinuthia Mbugua 2013, Lee Kinyanjui 2017, Susan Kihika 2022. Wawili wa kwanza hawakurudi. Urais kaunti yetu hutabirika mapema. Hasira ya barabara, soko na dawa hushukia ofisi ya chini. Ni mtindo wa zamani. Mwaka 2007 uchumi ulikua karibu asilimia 7, lakini mawaziri wengi walipoteza viti, na Makamu wa Rais Moody Awori mwenyewe akaangushwa Funyula, kule Busia. Ukuaji ule haukuwa umefika kila jikoni.

Mitego miwili, haraka. Usiweke marudio ya kura ya urais ya Oktoba 2017 (mahakama ilifuta ya Agosti) kwenye jedwali: Kisumu, Siaya, Homa Bay na sehemu kubwa ya Migori hakukupigwa kura kwa sababu ya mgomo na ghasia, na ukiyaweka utadhani walishikwa na njaa ya ghafla. Na kata si mtu. Kata maskini ikimpa fulani kura nyingi, huenda waliompa ni wenye maduka wa kata hiyo. Fomu 34A haijui nani ana nini mfukoni, kwa hivyo nenda ukaulize watu.

Ukurasa wa Agosti 2027 nimeshauchora. Safu ya bei naijaza kila Jumatatu. Nimeongeza safu moja ambayo daftari la mwanzo halikuwa nayo: wateja kumi ninaowauliza kila mwezi kama watapiga kura. Siwaulizi watampa nani. Yule wa bodaboda ni wa tatu kwenye orodha, na mwezi uliopita alisema ataona.