SOMO: Kuweka LineageOS kwenye Pixel 3a na kuitumia kila siku, M-Pesa na WhatsApp zikiwemo

Wakuu habari za leo. Wengi mmeniuliza kwa nini bado natembea na Pixel 3a, simu ya 2019. Google waliacha kuihudumia 2022 ikiwa kwenye Android 12, lakini simu yenyewe kioo kizima, kamera bado kali, tundu la earphone lipo, sasa niitupe kwa kosa gani? Nikaiweka LineageOS, mfumo huria uliojengwa juu ya Android, walianza mwisho wa 2016 baada ya CyanogenMod kufungwa. Ndiyo simu yangu ya kazi mpaka leo.

Hatua ya 1, kabla hujatoa hela. Hapa ndipo watu wanaumia. Ingia Settings, About phone, gonga Build number mara 7, kisha nenda System, Developer options, tafuta OEM unlocking. Swichi ikikubali kuwaka, chukua simu. Ikiwa imepauka na haibonyezeki hata ukiwasha intaneti, achana nayo, mara nyingi ni zile zilizouzwa na Verizon kule Marekani na butiloda yake, ile programu ya kwanza inayowasha simu na kukataa mfumo wa kigeni, haifunguki. Mimi ya kwanza niliichukua used Kariakoo, muuzaji kaniapia ni intanashino, nafika nyumbani swichi imepauka, narudi kesho yake naambiwa mali ikishatoka haipokelewi. Kagua palepale kaunta, muuzaji akinuna mwache anune.

Hatua ya 2, bakapu. Kufungua butiloda kunafuta KILA KITU, picha, namba, meseji. WhatsApp fanya bakapu ya ndani ya simu halafu kopi folda la Android/media/com.whatsapp lote kwenye kompyuta. Utalirudisha mahali pake kabla hujaingiza namba yako upya, ukitangulia kuingiza namba chati huzioni.

Hatua ya 3, vitu vya kuandaa. Laptop yenye chaji ya kutosha maana umeme ukikatika katikati ni balaa, waya wa USB unaopitisha data, na platform-tools za Google, ndizo zenye amri za fastboot na adb za kuiongoza simu kutoka kwenye kompyuta. Kwenye tovuti ya LineageOS tafuta jina sargo, ndiyo 3a ya kawaida, bonito ni 3a XL usichanganye. Shusha boot.img na zipu ya mfumo, andaa bando la kama GB 1 na ushee. Ukitaka Play Store shusha na MindTheGapps (Gapps, yaani programu za Google) ya toleo lilelile la Android ambalo LineageOS yako imejengwa juu yake.

Hatua ya 4, kazi yenyewe. Hakikisha simu iko Android 12 na ile swichi umeiwasha. Izime, shikilia sauti chini na pawa kwa pamoja, hapo inaingia fastboot, yaani inasubiri amri za kompyuta. Chomeka waya, andika kwenye terminal ya kompyuta:

fastboot devices
fastboot flashing unlock

Kubali kwa vitufe vya sauti na pawa. Ikishajifuta, rudi fastboot:

fastboot flash boot boot.img

Chagua Recovery mode (rikavari, menyu ya kuweka mfumo), nenda Factory reset, Format data. Kisha Apply update, Apply from ADB, na kwenye kompyuta:

adb -d sideload jina-la-faili.zip

Kompyuta inaweza kugota kwenye 47% ukadhani imekufa. Haijafa, usichomoe waya, angalia kioo cha simu ndiyo kinasema ukweli. Kama unaweka Gapps, kubali kurudi rikavari uziweke HAPOHAPO kabla simu haijawaka mara ya kwanza, ukiwasha kwanza utaanza upya.

Maisha ya kila siku. Hela haina shida, *150*00# ya M-Pesa na *150*60# ya Airtel Money hazijali una mfumo gani. Programu huria nachukua F-Droid, duka la programu hizo, ramani natumia Organic Maps, nashusha eneo zima mara moja naendesha bila bando.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, app ya benki itakubali?
Inategemea. Nyingine zinakagua kama simu ina mfumo wake wa kiwandani, na butiloda ikiwa wazi zinagoma. Yangu iligoma, natumia menyu ya USSD ya benki hiyohiyo. Na usije ukafunga butiloda ukiwa na LineageOS ili kuiridhisha app, simu inaweza isiwake tena.

Mimi nina Tecno Spark, inawezekana?
Kwenye orodha rasmi sijawahi kuona Tecno wala itel. Mafaili ya kuokota Telegram usiyaweke kwenye simu yenye hela zako. Ukiwa na Xiaomi zipo zinazokubali, ila jiandae kungoja, mara nyingi ni siku kadhaa ndipo wakuruhusu kufungua.

Kaka bila Google WhatsApp inaingiza meseji kweli?
Inaingiza dada, ishushe kwenye tovuti yao wenyewe. Ila nenda kwenye mipangilio ya betri uiruhusu ifanye kazi muda wote, la sivyo meseji zitakuja kwa mafungu.

Nikichoka naweza kurudi ya mwanzo?
Ndiyo, fungua flash.android.com kwa Chrome, chomeka simu, inajirudisha. Inafuta kila kitu tena.

Nataka nimwekee mama yuko kijijini, atasumbuka?
Mama yangu anayo mwaka wa pili huu. Nilimwekea bila Gapps, mbele kuna simu, meseji, kamera na WhatsApp, basi. Cha muhimu ingia Updater uzime kule kujikagua, maana arifa ikija akaibonyeza, sasisho moja ni mfumo mzima, linakaribia GB 1, linaweza kumaliza bando lake la mwezi. Mimi namsasishia nikienda, nawasha hotspot ya simu yangu, yeye anaendelea kuongea na dada zake huku linajiweka kwa nyuma, mwishoni inabaki kurestati tu.