Kununua nyumba ya urithi yenye hati: hatua kwa hatua

Swali ninaloulizwa kuliko mengine ni hili: nyumba ina hati, mzee aliyeandikwa kwenye hati alishafariki, watoto wanauza, je, ninunue? Nunua, ila kwa mpangilio. Mimi ni wakili, na mafaili mengi mezani kwangu ni ya uhamisho wa aina hii: Sinza, Magomeni, Kijitonyama na mitaa mingine ya Dar es Salaam ambako waliojenga kwanza wanaondoka na kuwaachia watoto. Ninayoandika ni ya Tanzania Bara na ya ardhi yenye hati. Shamba la kijijini lina njia yake kupitia halmashauri ya kijiji, na Zanzibar ina sheria zake za ardhi.

1. Upekuzi

Chukua namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, kisha omba upekuzi, yaani taarifa rasmi ya kilichoandikwa kwenye daftari la ardhi, kwa Msajili wa Hati. Omba mwenyewe au kupitia wakili wako. Upekuzi alioleta dalali siupokei hata ukiwa na mhuri unaong'aa. Jibu likitoka, angalia jina la mmiliki, rehani ya benki na zuio lolote la kuuza. Ulizia pia deni la kodi ya pango la ardhi, kwa sababu uhamisho hautapita likiwa bado linadaiwa.

2. Jalada la mirathi

Hapa ndipo watu wanapoteza fedha, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtoto wa marehemu si muuzaji. Mjane si muuzaji. Kaka mkubwa anayepokea simu zote na kukutembeza vyumbani si muuzaji. Muhtasari wa kikao cha ukoo, hata ukisainiwa na watu ishirini na kugongwa mhuri wa serikali ya mtaa, haumpi mtu mamlaka ya kuuza. Kikao kinapendekeza jina tu, mahakama ndiyo inayoteua. Anayeweza kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Uteuzi ukifanywa na Mahakama ya Mwanzo, atakuwa na Fomu Na. IV, yaani karatasi ya mahakama inayothibitisha uteuzi wake.

Ukionyeshwa fomu hiyo usiishie hapo. Nakili namba ya shauri, nenda mahakama iliyotajwa, na omba kupitia wakili kulisoma jalada. Karani atakuambia urudi kesho, rudi. Kwenye jalada ninatafuta mambo haya.

Kwanza, je, wasimamizi ni wangapi? Wakiwa wawili, wote wasaini. Nimeona mikataba ambayo mmoja alisaini na mwingine akaja mahakamani kuipinga.

Pili, je, kuna pingamizi au maombi ya kutengua uteuzi? Kama yapo na hayajaamuliwa, simama. Usishawishike na maneno kwamba "hiyo kesi ni ya mdogo wetu tu, tutaizungumza nyumbani". Wazungumze kwanza, waiondoe mahakamani, ndipo ulete fedha.

Tatu, na hili ndilo linalosahaulika sana: je, shauri bado liko wazi? Msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali kwa Fomu Na. V ndani ya miezi minne tangu uteuzi, kisha hesabu za mgawanyo kwa Fomu Na. VI. Mahakama ikizipokea na kulifunga shauri, kazi ya msimamizi imekwisha. Kama hesabu zinaonyesha nyumba alipewa binti wa pili, basi muuzaji wako ni binti wa pili, na Fomu Na. IV anayokuonyesha kaka yake, japo ni halali kabisa, haina nguvu tena juu ya nyumba hiyo. Kwenye karatasi yenyewe huwezi kuliona hilo. Utaliona kwenye jalada tu.

Nne, je, nyumba hii imo kwenye orodha ya mali? Ikikosekana, jiulize kwa nini.

Halafu kuna ridhaa ya warithi. Mahakama ya Rufani ilishaamua kwamba msimamizi halazimiki kisheria kupata ridhaa ya kila mrithi kabla ya kuuza. Hata hivyo, mimi simruhusu mteja wangu alipe bila ridhaa ya maandishi, yenye picha na saini za warithi wote wazima, iliyoshuhudiwa na wakili. Kesi unayoweza kuishinda baada ya miaka sita bado ni miaka sita ya kukaa kwenye nyumba usiyoweza kuiweka rehani wala kuiuza. Mrithi akiwa mtoto mdogo, hakuna wa kumsainia kirahisi. Hapo ninataka mahakama yenyewe ijulishwe kuhusu mauzo na jambo hilo lionekane kwenye jalada.

Mjane zungumza naye ana kwa ana, yeye peke yake. Alichochuma na mumewe kinaweza kuwa chake kwa haki yake mwenyewe, si urithi, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba ya ndoa. Marehemu akiwa na wake zaidi ya mmoja, onana na kila mmoja. Ukiona familia haitaki ukutane na mama, usinunue nyumba hiyo.

3. Jina la msimamizi liingie kwenye daftari la ardhi

Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, inamruhusu msimamizi aombe asajiliwe badala ya marehemu, akitajwa kuwa ni msimamizi. Madalali hupenda kukwambia hili litafanywa "sambamba" na uhamisho wako. Kataa. Lifanyike kwanza, kisha rudia upekuzi na ulione jina lake.

4. Mkataba na malipo

Mkataba uwe wa maandishi. Sheria ya Ardhi ya 1999 haitambui mauzo ya mdomo. Tafuta wakili wako, usitumie wa muuzaji. Lipa kwa benki, kwenye akaunti ya mirathi iliyofunguliwa kwa jina la msimamizi. Mimi hubakiza sehemu ya bei, kwa kawaida asilimia 10 hadi 20, hadi hati mpya itoke.

Andika bei halisi. Kupunguza bei ili kukwepa kodi hakusaidii, kwa sababu kuna ripoti ya mthamini iliyoidhinishwa, na mauzo yakivunjika utadai kile kilichoandikwa tu.

5. Kodi

Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Nyumba za urithi mara nyingi hazina risiti za ujenzi. Muuzaji mkazi asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani, yoyote iliyo kubwa. Ushuru wa stempu, asilimia 1, ni wako, na una siku 30 tangu kusaini. Mkataba utaje nani analipa nini, la sivyo utaambiwa mwishoni kwamba yote ni ya mnunuzi.

6. Uhamisho

Ofisi ya ardhi itahitaji fomu za uhamisho Na. 29, 30 na 35, ripoti ya uthamini, risiti za kodi, hati halisi na vitambulisho. Wakili wako anazijua. Chukua nakala yenye mhuri wa kupokelewa siku hiyo hiyo.

Hati ikitoka kwa jina lako, fanya upekuzi wa mwisho kabla ya kuachia fedha iliyobaki, kisha badilisha jina kwenye akaunti ya kodi ya pango.