Mbwa akikuvamia: jinsi ya kujikinga, kumfanya aachie, na kidonda cha kung'atwa ambacho watu wengi wanakifunga haraka mno

Juzi nimemsaidia jirani yangu, binti yake kang'atwa mkononi na mbwa wa nyumba ya pili, na tumehangaika karibu kutwa nzima kabla mtoto hajapata sindano alizotakiwa kupata. Mimi kazi yangu ni kufundisha mbwa, hasa wale ambao wenyewe washaanza kuwaogopa, na swali ninaloulizwa kila siku ni "nimpige wapi aniachie?" Sawa, nitalijibu, lakini linalofuata baada ya mbwa kuachia ndo linaloua watu, kwa hiyo hatua zingine hapa nitapita haraka na ile ya kidonda nitakaa nayo.

Hatua ya 1: Msome mbwa kabla hajaamua

Mbwa anayebweka huku anasogea mbele na kurudi nyuma mara nyingi ana hofu, anataka uondoke tu, mpishe. Wa kumchunga ni yule aliyenyamaza ghafla. Angalia mwili umekakamaa, mdomo umefungwa, manyoya ya mgongoni yamesimama, uzito wote kaupeleka miguu ya mbele na macho hayakutoki. Mkia usikudanganye, watu wengi wananiambia "lakini alikuwa anatikisa mkia", mkia uliosimama wima na kutikisika kwenye ncha tu sio urafiki, mbwa mwenye furaha anatikisika mpaka kiuno.

Anayekula, aliyelala, mwenye watoto na aliyefungwa mnyororo, hao wanne usiwasogelee hata kama unawajua majina. Na hili wazazi walisikie vizuri, watoto wengi wanaong'atwa wanang'atwa na mbwa wanayemfahamu, wa nyumbani au wa jirani, sio yule wa barabarani tunayemwogopa.

Hatua ya 2: Usikimbie

Huwezi kumshinda mbio. Simama kama mti, kunja mikono kifuani na vidole viwe ndani ya ngumi, mgeuzie ubavu, macho yawe chini lakini bado unamwona. Usimkodolee. Usipige yowe. Mbwa wengi wanakuja, wananusa, wanaondoka. Akitulia rudi kinyumenyume taratibu bila kumpa mgongo. Ukiwa kwenye baiskeli shuka, baiskeli iwe katikati yenu.

Hatua ya 3: Weka kitu katikati

Chochote ulichoshika kinafaa: begi, kikapu, kiti, viatu. Mimi kitu ninachokipenda kuliko vyote ni mwamvuli, ukiufungua ghafla mbele ya mbwa anashtuka na hakuoni tena umbo lako, na akiuma anauma kitambaa. Jaketi pia ni zuri, livue ulizungushe mkononi, akija unampa hilo aume, akilishika unaliacha aondoke nalo.

Fimbo sawa lakini sio ya kuchapia, ishike mikono miwili uilaze mbele yake aing'ate hiyo. Mbwa aliyeshapandwa na hasira ukimchapa mgongoni mara nyingi unamwongezea tu. Spreyi ya pilipili inafanya kazi ila upepo ukiwa unakuja kwako unajipulizia mwenyewe, na kuna nchi kubeba spreyi ni kosa, ulizia kabla hujanunua. Vile vidude vya kutoa mlio ambao binadamu hasikii mimi sivitegemei hata kidogo, kuna mbwa anageuka na kuna mbwa hata sikio hatingishi, sasa huwezi kujua uliyekutana naye ni yupi mpaka muda umeshaisha.

Tumia sauti nzito, neno moja fupi. Mbwa wengi washazoea kuambiwa "toka" au "nyumbani".

Hatua ya 4: Ameshang'ata

Usivute. Najua mwili wenyewe unataka kuvuta, lakini meno ya mbele ya mbwa yamepinda kuelekea ndani, ukivuta unachana nyama, tundu dogo linageuka kuwa mpasuko. Sukuma kuelekea mdomoni mwake kama unaweza, au ubaki hapo hapo huku unambana kwenye ukuta au chini kwa uzito wako. Kinga shingo, uso na mapaja kwa ndani, hapo ndo kwenye mishipa mikubwa. Ukianguka lala kifudifudi, jikunje magoti yaje tumboni, shika nyuma ya shingo kwa mikono yote miwili, viwiko vifunike masikio, nyamaza. Kupiga teke ukiwa chini kunamrudisha.

Kama anayeng'atwa ni mwenzio na mbwa kang'ang'ania, usipeleke mkono wako mdomoni kwake. Njia mbili ninazozitumia mimi: ya kwanza, pita nyuma ya mbwa, shika ukanda wa shingoni kwa mikono miwili, uuinue na kuusokota ubane koo mpaka akose pumzi, ukiwa umembana mwili wake katikati ya magoti yako asigeuke, na ushike hivyo hivyo bila kutikisa, atafungua mdomo mwenyewe kuvuta hewa. Akiachia usilegeze, mtoe pale ukiwa bado umeshika, umfungie au umfunge kwenye mti. Ya pili kama hana ukanda, tumia mkanda wa suruali au kamba, pitisha shingoni fanya hivyo hivyo. Watu wengi wanafundisha kumnyanyua miguu ya nyuma, inasaidia mbwa wakipigana wao kwa wao na mko wawili, lakini kwa mbwa aliyemshika mtu siipendi, akiachia anageuka na wewe ndo uko karibu. Ndoo ya maji usoni au blanketi kichwani jaribu kwanza kama viko karibu, usitoke kwenda kuvitafuta.

Hatua ya 5: Kidonda

Hapa soma pole pole.

Damu ikiwa inaruka au inamwagika haikatiki, kandamiza kwa kitambaa safi na mkimbie hospitali, hayo mengine yatafanyika huko. Lakini majeraha mengi ya mbwa hayako hivyo. Yule binti alikuwa na vitundu viwili nyuma ya kiganja na kimoja upande wa kidole gumba, damu yenyewe ilishakauka, ukiangalia unasema hamna kitu. Ukibonyeza pembeni ndo unaona kinatoka kitone cheusi, maana yake jino lilizama ndani na ngozi ikajifunga juu yake. Hicho kitundu kidogo ndo kibaya, mate ya mbwa yamefungiwa ndani.

Osha kwa maji na sabuni dakika 15. Dakika 15 za saa, weka alamu kwenye simu, kwa sababu nimeshaona watu wengi wakiosha dakika mbili wanasema tayari. Maji yawe yanatiririka, bomba au mtu akumwagie kwa jagi, sabuni yoyote ya kuogea au ya kufulia. Achanisha kingo za kidonda kwa vidole maji yaingie ndani, povu likishuka ongeza sabuni tena. Inauma na mtoto atalia, mshike. Hii sio usafi tu: kirusi cha kichaa cha mbwa kina ganda lenye mafuta na sabuni inaliharibu, na pale mwanzoni kirusi bado kiko kidondoni, hakijaingia kwenye neva. Kikishaingia kinapanda taratibu kuelekea kwenye ubongo, na dalili zikishaanza, kuogopa maji, kuweweseka, kushindwa kumeza, karibu hakuna anayepona. Ukimaliza kuosha paka iodini au spiriti kama ipo.

Usipake unga wa pilipili, majani, tope, mafuta ya taa wala maji ya betri. Usikifunge kidonda kwa kukibana. Na kisishonwe haraka, hapa ndo tulipopotezewa muda, kituo cha kwanza tulichoenda walipaka dawa, wakafunga bandeji safi kabisa, wakatupa dawa ya maumivu wakasema rudini nyumbani. Hakuna aliyeuliza mbwa kachanjwa au la. Ikabidi tuanze upya kwingine, na huko nako chanjo ipo ile nyingine haipo.

"Ile nyingine" ni hivi, kuna vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya. Kuna chanjo ya kichaa cha mbwa, inaufundisha mwili kutengeneza kinga, inachukua siku kadhaa kuanza kukulinda. Na kuna imunoglobulini, hiyo ni kinga iliyo tayari, inachomwa ndani na kuzunguka kidonda chenyewe, ili ikulinde wakati chanjo inajipanga. Mtu ambaye jino au kucha imetoboa au kuchana ngozi ikatoa damu, au mate yameingia mdomoni, machoni au kwenye kidonda kibichi, anatakiwa apate vyote viwili kama hajawahi kuchanjwa huko nyuma. Mkwaruzo mdogo usiotoa damu, chanjo. Kulambwa kwenye ngozi nzima isiyo na mchubuko, osha tu inatosha. Ukifika hospitali uliza kwa majina, "mna chanjo? mna imunoglobulini?", piga simu kabla ya kupanda gari kama unaweza. Ikikosekana imunoglobulini usisubiri ipatikane ndo uanze, anza chanjo siku hiyo hiyo, imunoglobulini inaweza kufuata mpaka siku ya 7 tangu sindano ya kwanza ya chanjo.

Chanjo sio sindano moja. Ya kwanza inahesabiwa siku ya 0, alafu siku ya 3, siku ya 7, na zinazoendelea kufuatana na ratiba ya hospitali, andika tarehe zote ukutani. Watu wanaacha katikati kwa sababu kidonda kimepona, kidonda kupona hakuna uhusiano wowote na kirusi, kichaa cha mbwa kwa kawaida kinachukua miezi 2 mpaka 3 kujitokeza na sa ngine mwaka. Ndo maana pia kama uling'atwa wiki mbili zilizopita na unasoma hii, nenda leo. Mjamzito aende. Mtoto mchanga apelekwe. Jeraha la uso, shingo na vidole vya mkono ndo la haraka zaidi ya yote kwa sababu sehemu hizo zimejaa neva.

Ukiwa hapo hapo uliza na sindano ya pepopunda, na jeraha la mkono liulizie antibayotiki, vidole vinaoza haraka.

Mtu akikwambia "mbwa ni mdogo" au "ni wa ndani, mzima kabisa", muombe kadi ya chanjo. Katoto ka mbwa kanaambukiza vile vile. Na mdomo sio kadi.

Hatua ya 6: Mbwa na mwenye mbwa

Msimuue mbwa. Hasira naielewa, lakini mbwa aliye hai anakupa jibu: afungiwe na kuangaliwa siku 10, akizidi siku hizo mzima, hakuwa na kirusi kwenye mate siku aliyokung'ata, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Chanjo lakini unaanza siku ya kwanza, husubirii hizo 10. Akibadilika sauti, akitoa mate, akiyumba au akaanza kung'ata hovyo vitu, mwiteni daktari wa mifugo. Akifa msimfukie kabla daktari hajamwona, kipimo kinachukuliwa kwenye ubongo.

Piga picha kidonda kabla hakijafungwa, piga picha mbwa na uzio au geti alipotokea, chukua namba za walioona, toa taarifa polisi. Sheria zinatofautiana nchi kwa nchi ila sehemu nyingi mwenye mbwa anawajibika kwa matibabu, hasa ikionekana alijua mbwa wake ni mkali na hakufanya kitu. Tunza risiti zote.

Hatua ya 7: Kama mbwa ni wako

Chanjo kila mwaka, au kama daktari alivyoandika kwenye kadi. Geti lijifunge lenyewe, mtoto wa mgeni hawezi kukumbuka kurudishia komeo. Usimfunge mnyororo mfupi kutwa nzima ukidhani umewalinda watu, mbwa asiye na pa kukimbilia kitu pekee kilichobaki kwake ni meno, bora banda lenye nafasi na afunguliwe usiku ndani ya uzio mzima.

Asipigwe kwa kunguruma. Ukimpiga kila akinguruma anajifunza kuacha kunguruma, hajifunzi kuacha kung'ata, na siku nyingine atang'ata bila kumtahadharisha mtu. Akinguruma ondoa kinachomsumbua alafu tafuta sababu, mara nyingi ni maumivu, sikio au nyonga, mpeleke kwa daktari kwanza kabla ya kwa mwalimu.

Mbwa mkali akitoka nje avae kikapu cha mdomoni, kile kipana kinachomwezesha kuhema na kunywa maji, sio ule mkanda unaobana taya. Umzoeshe nyumbani kwanza, weka chakula ndani ya kikapu aingize pua mwenyewe, siku za kwanza usifunge hata kamba.

Na akishang'ata mtu, mfungie, msaidie aliyeumwa kuosha zile dakika 15, alafu chukua kadi ya chanjo uende nayo mwenyewe mpaka hospitali alikopelekwa, usingoje uitwe, kwa sababu tarehe iliyoandikwa mle daktari anaihitaji asubuhi hiyo hiyo.